Injini kubwa kwenye gari la zamani: ya ukoo mmoja, ya ukoo mwingine, au kuifufua ile ile?

Mtu akisema gari lake la zamani halina nguvu, anaweza kuwa na maana tatu tofauti. Huenda injini imechoka na nguvu yake ya asili imepotea. Huenda injini ni nzima, ila tangu kiwandani ilikuwa ndogo kwa mwili wa gari na mzigo linaoubeba siku hizi. Au gari halina kasoro, mwenyewe ndiye anayetaka mwendo. Kila lalamiko lina dawa yake, na wengi wananunua dawa ya lalamiko la tatu kutibu la kwanza.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha injini mbili, pima kompresheni ya hiyo uliyo nayo. Injini ya petroli yenye afya kwa kawaida husoma kati ya bar 9 na 13, na silinda zake hazipishani sana: asilimia 10 hadi 15 ndiyo mwisho wa kuvumilia. Tatu zikisoma 12 na moja ikasoma 7, hapo tatizo ni ringi, valvu au gasketi ya hedi, na cc hazihusiki. Watu hutoa injini iliyokufa nusu, wakaweka kubwa iliyo nzima, kisha wakausifu ukubwa. Nusu ya sifa ile ni ya uzima tu.

Njia ninazolinganisha ni nne: kuifungua injini ya asili na kuifufua, kuweka kubwa zaidi ya ukoo ule ule, kuweka ya kampuni ile ile lakini ya ukoo mwingine, na kuweka ya kampuni nyingine kabisa. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kinachoamua kama kazi itaisha ni ukaribu wa undugu kati ya magari mawili, halafu kama umepata gari zima la kuchinja, yaani la kung'olewa vipuri, au injini tupu. Ukubwa unakuja baada ya hayo mawili.

Kuifufua ile ile

Hii haina mengi ya kueleza, na huo ndio uzuri wake. Kila boliti inarudi ilikotoka. Rejeta, breki, difu na spidomita vyote vilipangwa kwa injini hii. Karatasi za gari hazibadiliki. Kama lalamiko lako ni la kwanza, yaani gari lilikuwa linakutosha zamani na sasa halikutoshi, ishia hapa.

Usidanganywe tu kwamba kuchonga silinda na kuweka pistoni za oversaizi ni kuongeza injini. Chukua 5A ya Toyota, yenye silinda za kipenyo cha milimita 78.7 na mwendo wa pistoni wa milimita 77. Ukiongeza nusu milimita kwenye kipenyo, unatoka cc 1,498 na kufika takriban 1,517. Hizo cc 19 hutazisikia kwenye mlima wowote.

Njia hii inashindwa pale ambapo bloku imepasuka, kranki shafti imekwisha kuchongwa hadi saizi ya mwisho, au vipuri vya ndani vimekuwa adimu kiasi kwamba injini nzima ya aina nyingine inapatikana kirahisi kuliko seti ya ringi.

Kubwa ya ukoo mmoja

Viwanda vingi hutengeneza bloku za jamii moja kwa saizi kadhaa. Mpangilio wa boliti za kufungia giaboksi unabaki ule ule, maunti zinakaa palepale au karibu na hapo, na mara nyingi kiwanda chenyewe kiliwahi kuuza gari lako, au pacha wake, likiwa na injini hiyo kubwa. Hapo huna haja ya kubuni kitu. Unaiga alichofanya mtengenezaji.

Corolla za E100 za miaka ya 1990 ni mfano mzuri. Ndani ya ukoo wa A kuna 5A ya cc 1,498, 4A ya cc 1,587 na 7A ya cc 1,762. Ukitoka 5A-FE kwenda 7A-FE, nguvu ya kwenye karatasi inapanda kidogo sana, kutoka nguvu farasi 100 na kitu hadi zisizofika 120. Mtu anayenunua kwa kusoma namba hizo atasema haifai. Lakini 7A ina mwendo wa pistoni wa milimita 85.5, na mvuto wake, yaani nguvu ya kuzungusha, unafika kileleni karibu na mizunguko 2,800 kwa dakika, wakati 5A inaufikia huko juu ya 4,000. Kwa gari linalopanda milima likiwa na abiria, hiyo ndiyo tofauti unayoihisi mguuni: unaacha kushusha gia kila kona. Anayetaka kelele za mizunguko 7,000 atasikitika.

Hata hapa undugu una mipaka. Bloku ya 7A ni ndefu kwenda juu kuliko ya wadogo zake, kwa hiyo hedi inakaa juu zaidi, taimingi belti ni ndefu, na vitu vinavyounganisha juu na chini, kuanzia paipu ya ekzosi hadi brakets, vitoke kwenye gari la 7A lenyewe. Kompyuta ya injini nayo iwe ya 7A. Ile ya 5A inapima mafuta ya injini ndogo, na injini kubwa inayolishwa kidogo inachoma valvu.

Upande wa dizeli, ndugu wanaojulikana kuliko wote labda ni 2L, 3L na 5L za Hilux na Hiace: cc 2,446, 2,779 na 2,986. Ni pampu ya kimakanika, hazina turbo, na umeme wake ni kidogo. Ukipandisha kutoka 2L kwenda 5L, chukua pampu ya 5L pamoja nayo. Pampu ya injini ndogo huwa imesetiwa kulisha kipimo cha injini ndogo, na fundi akiipandisha kwa kukisia utaujua moshi wake kabla hujaijua nguvu.

Hata kwa ndugu wa karibu, kitu kimoja huvuta kingine. Mazda MX-5 za kwanza zilitoka mwaka 1989 na injini ya lita 1.6, baadaye zikapewa ya lita 1.8 ya ukoo ule ule. Kuhamisha ile ya 1.8 ni kazi ya boliti tu, ila difu ya 1.6 ni ndogo na inajulikana kwa udhaifu wake. Ukitaka difu kubwa ya 1.8, basi propela na shafti za magurudumu zinaifuata. Klachi ya 1.8 nayo ni pana zaidi na ina flaiwili yake. Mtu aliyenunua injini peke yake anayagundua haya moja moja, kila mwisho wa wiki kitu kimoja. Aliyenunua gari zima anakuta vyote vimelala chini ya mwili mmoja.

Kampuni ile ile, ukoo mwingine

Hapa ndipo penye mvuto mkubwa, na ndipo magari mengi yanapokwama juu ya mawe kwa miaka.

Nitakaa zaidi kwenye mfano mmoja kwa sababu unaonyesha karibu kila kitu: Land Rover Series yenye petroli ya lita 2.25 (cc 2,286) inayopewa dizeli ya turbo ya 200Tdi kutoka Discovery, injini ya cc 2,495 iliyotoka mwaka 1989. Ya zamani inatoa kama nguvu farasi 70 na mvuto wa takriban Nm 160. 200Tdi inatoa kama 110 na Nm 265, tena chini kabisa karibu na mizunguko 1,800. Kwenye mafuta ni usiku na mchana. Inafungika kwenye giaboksi ya zamani kwa marekebisho madogo. Na umeme wake ndio unaofurahisha kuliko vyote: ukiacha stata, alteneta, plagi za kupasha joto na geji, injini yenyewe inahitaji waya mmoja tu wa solenoidi ya kuzimia. Ni ukoo mwingine kwa umri na kwa tabia, lakini mtengenezaji hakuhama mbali na vipimo vyake vya zamani, na bahati hiyo ndiyo iliyoifanya kazi hii kupendwa.

Sasa angalia kinachobaki. Kwenye Discovery turbo imekaa chini, na ukiishusha injini kwenye Series inagongana na chesisi. Utatafuta manifoldi ya toleo la Defender, ambalo turbo yake imekaa juu, au utakata na kuchomelea. Intakula, kipozea hewa ya turbo, inahitaji nafasi mbele ambayo gari la miaka ya 1960 halikuwahi kuifikiria.

Halafu kuna uwiano wa difu, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Series ina 4.7 kwa 1, Discovery ina 3.54 kwa 1. Kwa matairi ya 7.50-16, Series kwenye gia ya nne na mizunguko 3,000 inakwenda kilomita kama 80 kwa saa. Weka injini yenye nguvu mara moja na nusu, acha difu ile ile, bado ni 80. Utafika haraka zaidi, mlima utaumeza, lakini barabarani injini inalia vile vile, na dizeli haipendi kusukumwa juu ya 4,000 kama petroli inavyovumilia. Ukiweka difu za 3.54, mizunguko ile ile inakupa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Malipo yake ni gia ya kwanza kuwa ndefu, na kutambaa kwenye mawe kunakuwa kugumu. Hakuna jibu moja hapo. Gari la barabarani linataka 3.54, gari la shamba libaki na 4.7. Ninachokataa ni mtu kuhesabu injini tu kisha akashangaa gari halikimbii.

Na breki. Series ina dramu mbele na nyuma. Discovery ina diski magurudumu yote manne. Nishati ya mwendo inakua kwa mraba wa kasi: kutoka 100 hadi 140 kwa saa, kazi ya breki inakaribia kuwa mara mbili. Kama injini inaweza kukufikisha 140 na breki zilitengenezwa kwa 100, basi hujamaliza kazi. Hii siiweki kwenye hesabu ya mapendeleo.

Honda wanakupa picha tofauti. Civic za miaka ya 1990 zenye injini za D hupokea za B kwa urahisi wa kiasi, maana Honda mwenyewe aliziweka B16 kwenye mwili ule. Ukiruka hadi K20 au K24, mambo yanageuka kihalisi: injini za K zinazunguka upande wa kinyume na zile za zamani, ekzosi yake inatazama ukuta wa kabini badala ya kutazama mbele, na gia zinabadilishwa kwa kebo badala ya fimbo. Inawezekana, na matokeo yake ni matamu, ila unanunua maunti maalumu, shafti maalumu, kibao cha gia na manifoldi. Mtu akikuambia K ni hatua moja tu baada ya B, mwombe akuonyeshe gari lake likiwa linatembea.

BMW E30 yenye M20 ikiwekewa M50 iliyokuja baadaye ni hivyo hivyo: silinda sita kwa silinda sita, lakini bustari ya breki inapigania nafasi na manifoldi ya hewa, na sampu inayotafutwa ni ile ya E34. Sampu ni kitu kidogo kinachovunja miradi mikubwa. Kabla ya kununua injini yoyote, lala chini ya gari lako, ujue kikombe cha oili kipo mbele, katikati au nyuma, na krosmemba na usukani vinapita wapi. Dakika kumi za kulala chini zinaokoa miezi.

Kampuni nyingine kabisa

Jina linalotajwa kila mahali ni LS ya General Motors, V8 ya lita 5.7 iliyoanza na Corvette ya mwaka 1997. Kuna sababu ya maana. Kamshafti yake iko ndani ya bloku na valvu zinasukumwa kwa fimbo, kwa hiyo hedi ni ndogo na injini nzima ni fupi na nyembamba kuliko V8 nyingine zenye kamshafti nne juu. Watu huitupa kwenye Mazda RX-7, kwenye BMW, hata kwenye MX-5. Kinyume chake ni 1UZ-FE ya Toyota, V8 ya cc 3,969 iliyokuja na Lexus LS400 mwaka 1989: bloku ya aluminiamu, tulivu na imara, lakini pana kwa sababu ya kamshafti zake nne. Lita zake ni chache kuliko za LS ya General Motors, nafasi inayoitaka ni kubwa zaidi. Ndiyo maana cc ni kipimo kibaya cha kama injini itaingia.

Uzito nao una hila. Chuma cha kutupwa kina uzito wa gramu 7.2 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, aluminiamu 2.7. V8 ya aluminiamu inaweza isiwe nzito sana kuliko silinda sita ya chuma uliyoitoa, wakati silinda sita ndefu ya chuma kwenye pua ya gari dogo itakupa usukani mzito na gari linalotaka kwenda moja kwa moja kwenye kona.

Kazi halisi iko kwenye kiungo kati ya injini na giaboksi. Ukitumia giaboksi ya zamani, unahitaji bamba la kuunganishia, bearingi ya kichwa cha shafti inayolingana pande zote mbili, na diski ya klachi yenye kipenyo cha injini lakini meno ya katikati ya giaboksi. Kisha omba giaboksi ivumilie mvuto ambao haikuzaliwa nao. Ukileta injini na giaboksi yake pamoja, kiungo hicho kinakuwa salama, ila tatizo linahamia nyuma: kijiti cha gia kinatokea mahali sakafu haina tundu, maunti ya giaboksi inachomelewa upya, na propela inakatwa, inaunganishwa na kubalansiwa. Kati ya hizo mbili nachagua ya pili. Kukata propela ni kazi inayojulikana na ina vipimo. Giaboksi inayokufa taratibu haina ratiba.

Kwa magari yanayojulikana sana kuna seti zilizokwisha tengenezwa: maunti, sampu, manifoldi, nyaya. Kama gari lako lina seti hiyo, njia hii inasogea karibu na ile ya tatu kwa ugumu. Kama halina, wewe ndiye kiwanda, na uwe na mchomeleaji na fundi wa kukereza wanaopokea simu zako.

Umri wa injini unazidi ukubwa wake

Wengi huangalia lita na nguvu farasi, kisha wananunua injini mpya kadiri wanavyoweza kumudu. Mimi ningeanza na mwaka.

Dizeli ya pampu ya kimakanika inawaka kwa waya mmoja. Petroli yenye sindano za mafuta ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ina kompyuta moja, sensa chache, na fundi umeme mwenye mchoro anaweza kuinyofoa ikasimama peke yake. Magari ya Marekani yalilazimishwa kuwa na OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza lenyewe, kuanzia modeli za 1996, na kuanzia hapo kompyuta za injini zikawa na masharti zaidi: sensa ya pili ya oksijeni nyuma ya kichungi cha ekzosi, na njia ya mvuke wa tanki. Kisha ikaja imobilaiza inayodai ufunguo wake, kanyagio la mafuta la umeme lisilo na kebo, na mtandao ambamo injini inazungumza na ABS, dashibodi na giaboksi. Injini ya namna hiyo ukiitoa bila wenzake, inaweza kuwaka sekunde mbili ikazima, kwa sababu haijausikia ufunguo wake.

Kwa hiyo injini mbili zenye nguvu sawa, moja ya 1994 na moja ya 2008, si sawa hata kidogo kwa gari la 1985. Ya pili itahitaji kanyagio, ufunguo, kompyuta, pengine dashibodi yake, au kompyuta huru ya kuprogramu na mtu anayejua kuiprogramu. Ukiwa na huyo mtu, nenda nayo. Usipokuwa naye, ya 1994 itakupa gari linalotembea.

Yanayosahaulika

Mafuta: gari la kabureta lina pampu ya presha ya chini, kama bar 0.3. Sindano nyingi za petroli hutaka karibu bar 3, LS hutaka kama 4. Hiyo ni pampu mpya, mipira na paipu zinazostahimili presha hiyo, mara nyingi njia ya kurudisha mafuta, na tanki lenye vizuizi ndani ili pampu isinyonye hewa kwenye kona. Mpira wa kabureta kwenye mfumo wa bar 3 ni moto unaosubiri tarehe.

Joto: nguvu zaidi ni joto zaidi, na sehemu kubwa yake, takriban theluthi ya nishati ya mafuta, hutoka kupitia maji. Chukua rejeta ya gari la kuchinja kama inaingia. Kama haiingii, tafuta nene ya upana uleule, na feni yenye kifuniko chake. Feni bila kifuniko inavuta hewa ya pembeni.

Geji: hamisha sensa za joto na oili za gari lako kwenye injini mpya, la sivyo sindano ya dashibodi itakudanganya kwa utulivu.

Karatasi: namba ya injini na cc mara nyingi zimo kwenye usajili, na bima imeandikwa juu yake. Sehemu nyingine zina masharti makali. California, kwa mfano, inataka injini iwe ya mwaka ule ule wa gari au mpya zaidi, ikiwa na vifaa vyake vyote vya kupunguza moshi. Uliza kabla ya kununua, kwa maana jibu linaweza kufuta njia mbili kati ya nne.

Gari zima, nusu ya mbele, au injini tupu

Uamuzi huu naupa uzito kuliko wa injini gani.

Injini tupu ni rahisi kununua na rahisi kubeba, na ndiyo ya hatari zaidi. Imeoshwa, imepakwa rangi, hujaisikia ikiunguruma. Unaweza kuizungusha kwa mkono, kufungua kifuniko cha oili kuona utelezi wa rangi ya maziwa, kuchungulia silinda. Zaidi ya hapo unaamini. Nyaya zimekatwa palepale kwenye kompyuta, kama kompyuta ipo.

Nusu ya mbele, ile iliyokatwa nyuma ya dashibodi, ni bora zaidi. Ina nyaya, kompyuta, rejeta, giaboksi, mara nyingi kanyagio na ufunguo. Mara nyingine unaweza kuiwasha pale pale kwa betri na kikopo cha mafuta. Inachokosa ni nyuma: difu, propela, pampu ya kwenye tanki, breki za nyuma, na nyaya zilizokatwa kuelekea huko. Kwa gari la kuvuta magurudumu ya mbele hasara hiyo ni ndogo, na hapo ningeichagua bila kusita. Kwa gari la kuvuta nyuma, kasoro yake ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Gari zima, hata lililogongwa nyuma au lililooza mwili, linakupa kitu ambacho hao wawili hawana: unaliendesha. Unasikia gia ya pili inaingiaje, unaona joto linapanda hadi wapi mlimani, unapima kompresheni injini ikiwa moto. Unapiga picha kila soketi na kila mpira kabla ya kugusa spana. Ubaya wake ni nafasi, mwili mwingine mzima uani, na majirani. Lakini linapofika swali la "hii braketi ya alteneta inakaaje?", jibu liko umbali wa hatua tano.

Jiwekee utaratibu: liendeshe, lipime, lipige picha, ling'oe, kisha mwili uache ulipo. Usiuze difu, usiuze kanyagio, usiite mnunuzi wa vyuma chakavu, mpaka gari lako limewaka asubuhi baridi, limekaa kwenye foleni mchana feni ikafanya kazi, limechaji betri usiku taa zikiwaka, na limerudi kwenye gia ya nyuma taa yake ikawaka.